Mpika Bia Hasifiwi

Kwenye Barabara ya Thika, jijini Nairobi, kuna kituo ambacho makanga hukiita "Allsopps". Kutwa nzima watu hushuka pale, huvuka, hupanda matatu nyingine, na wengi wao hawana habari kwamba wameshuka kwenye jina la bia. Allsopp ni jina la kale la wapika bia wa Burton, Uingereza. Lilikuja Afrika Mashariki na kampuni iliyopika bia upande ule wa mji, ikashindana na Tusker, bia ya Kenya Breweries, na katika miaka ya 1960 ikamezwa na mshindani wake. Kampuni ilikwisha zamani, ila kituo kingali na jina lake.

Viwanda vya bia vya kwetu aghalabu hufa hivyo, kwa kumezwa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka 2002. Kampuni ya South African Breweries, ambayo tangu 1993 ilikuwa imeingia ubia na serikali katika Tanzania Breweries, ilivuka mpaka mwaka 1998 na kuanza kupika bia yake ya Castle mjini Thika, karibu kabisa na ngome ya Tusker. Wenye Tusker nao walikuwa na kiwanda chao upande wa pili, Kibo Breweries, mjini Moshi. Kila mmoja alipika kwenye uwanja wa mwenzake. Mwishowe wakubwa wakakaa mezani, wakabadilishana hisa, asilimia 20 kwa asilimia 20, na kila mmoja akakubali kupika bia za mwenzake kwa leseni. Viwanda vya Thika na Moshi vikafungwa.

Kwa mahesabu ya wenye hisa, huenda hiyo ilikuwa hatua ya busara. Lakini waliokaa mezani waliuziana pia kitu kisichoandikwa kwenye mizania: mazoea ya mikono na pua za watu waliojua kupika kwa maji ya mahali fulani, kwa mitambo fulani yenye vituko vyake. Watu hao ndio ninaotaka kuwasifu, kwa kuwa sijawahi kusikia wakisifiwa.

Methali yetu inasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema wa methali anajulikana: watu wamemwona akipanda mnazi, wamelipa mkononi mwake, wamemsifu mbele yake hadi akaharibika. Mpika bia wa kiwandani hakuwahi kupata nafasi hiyo ya kuharibika. Tunajua aliyechora ndovu kwenye lebo ya Tusker alitaka tumkumbuke nani, maana hadithi ya George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa Kenya Breweries mwaka 1922, kuuawa na ndovu imesimuliwa mno. Lakini nani alikuwa zamu ya usiku Moshi? Nani alionja?

Na kazi yake ni ngumu kwa namna isiyoonekana. Shayiri hulowekwa ichipue, kisha hukaushwa kwa moto kabla chipukizi halijamaliza wanga. Hapo ndipo inakuwa kimea. Kimea husagwa, huchanganywa na maji ya moto wa nyuzi 65 hivi. Maji yakizidi moto, vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari hufa; yakipoa mno, hufanya kazi kivivu. Mchuzi wake huchemshwa na hopsi, maua yale machungu yanayotoka ng'ambo, hupozwa, hutiwa hamira, kisha laga huachwa ichache taratibu na kupumzika kwenye baridi kwa siku nyingi. Hamira ni kiumbe hai. Hutunzwa, huvunwa kwenye pika hii na kutiwa kwenye pika ijayo, na ikichoka bia nzima huchoka nayo.

Sasa fikiria kwamba shayiri ya Mau Narok haiji sawa kila msimu. Mwaka wa mvua nyingi ni punje nyingine, mwaka wa ukame ni nyingine. Umeme hukatika. Mtambo hukosa kipuri. Pamoja na hayo yote, chupa ya Desemba inatakiwa iwe na ladha ya chupa ya Machi, kiasi kwamba mnywaji asiwe na la kusema. Fundi seremala husifiwa kiti kikiwa kizuri kuliko vingine. Mpika bia hufaulu pale ambapo hakuna aliyeona tofauti. Akifanya vizuri kabisa, hasikiki.

Kulikuwa na hakimu mmoja tu aliyeweza kumkamata: yule mzee anayejibu "ya moto" mhudumu anapouliza ya moto au ya baridi. Baridi hufisha ulimi na kufunika makosa. Bia isiyoingia friji haina pa kujificha. Uchachu, harufu ya kadibodi, uchungu uliopitiliza, vyote hujitokeza. Mnywaji wa ya moto wa Moshi au Kisumu alikuwa na uwezo wa kusema "safari hii wamekosea", na waliokosea walikuwa mji huohuo, hata pengine baa hiyohiyo.

Nisieleweke vibaya. Kumbukumbu ya bia za zamani hupenda kudanganya. Kwa sehemu kubwa ya ukoloni, Mwafrika alikatazwa na sheria kunywa bia ya chupa. Enzi hiyo tunayoipamba haikuwa yetu sote. Na wanaokumbuka Tanzania ya miaka ya 1980 wanakumbuka bia ya kutafutwa, kreti tupu ya kubeba begani kama hati ya kununulia, na foleni. Sidai kwamba bia ile ilikuwa tamu kuliko ya leo. Ninachodai ni kwamba ilikuwa na mwenyewe.

Linganisha na mbege, pombe ya ndizi. Hukohuko Moshi, ilikuwepo kabla ya Kibo Breweries na ikabaki baada yake. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi, huachwa zichache, huchujwa, huchanganywa na uji wa ulezi uliochipuzwa, ukakaushwa na kusagwa. Gome la msesewa huleta uchungu. Ulezi ule ni kimea na msesewa unafanya kazi ya hopsi: elimu ni moja. Tofauti ni kwamba mama anayepika mbege anaishi kati ya wanywaji wake. Ikiharibika anaambiwa kabla kata haijaisha, na hakuna bodi mbili zinazoweza kukutana Johannesburg na Nairobi zikamfunga. Kinachoweza kumfunga ni mabinti na wajukuu kutojifunza.

Viwanda navyo vimerudi kwa namna yake. Serengeti Breweries inapika Moshi, na Kisumu imejengewa upya kiwanda kinachotumia mtama wa wakulima. Ni habari njema kwa ajira na kwa mashamba. Lakini jengo na mitambo havirudishi maarifa yaliyoondoka na watu, na maamuzi makubwa yamezidi kwenda mbali: tangu 2016 Tanzania Breweries iko chini ya kundi lenye makao yake Leuven, Ubelgiji.

Basi ombi langu ni dogo na lina haraka. Aliyekuwa na miaka 35 viwanda vya Thika na Moshi vilipofungwa amekaribia au amepita sitini leo. Kama unamjua mmoja wao, mjomba, jirani, mzee wa kanisani, mkalishe umuulize: walionja vipi, walijuaje hamira imechoka, walifanya nini umeme ukikatika katikati ya pika. Andika majibu. Walimu wa historia wawatume wanafunzi, na makumbusho yetu yatafute daftari za zamu kabla hazijafungiwa maandazi. Bia haiwekeki, ikikaa chupani mwaka na zaidi huharibika. Ujuzi wa aliyeipika unawekeka, lakini mpaka aulizwe.