Heko kwa Wakereza wa Gidgee
Wakereza wa Australia wanaotengeneza mipini ya brashi za kunyolea ndevu kwa gidgee, mgunga wa nyika kame za Queensland, wanastahili heko. Mti huo ni mzito hata huzama majini, na hutia patasi ubutu upesi. Lakini uzito huohuo ndio huifanya brashi isimame imara kando ya sinki. Wapo wasemao plastiki ni rahisi na haiozi. Kweli, ila gidgee imechimbiwa ardhini miaka na miaka kama nguzo za uzio, sembuse povu la sabuni! Na hofu ya kumaliza miti? Mpini hauzidi sana urefu wa kidole. Kipande cha nguzo kuukuu chatosha, mradi tundu la kupachikia nywele lizibwe vizuri maji yasipenye.