Heko kwa Wapimao Umio

Wanastahili heko na shukurani wale mafundi wa tiba ambao, pindi mgonjwa alalamikapo kiungulia kisichokoma hata baada ya kumeza dawa, hawana pupa ya kuhukumu, bali huupima umio wenyewe ili wapate yakini. Muuguzi hodari humpitishia mgonjwa puani mrija mwembamba wenye vihisio vingi, akimwambia kwa upole, "Meza, meza tena," hata ncha yake ifike tumboni. Kisha humlaza chali na kumpa maji funda 10, kila funda yapata mililita 5, huku kioo cha kompyuta kikidhihirisha kwa rangi nguvu ya misuli na jinsi kilango cha chini kinavyolegea na kujifunga.

Kipimo cha pili hukaa mwilini saa 24, kikihesabu nyakati ambazo asidi hupanda na pH kushuka chini ya 4, naye mgonjwa huandika saa ya kula, ya kulala na ya kusikia kiungulia.

Faida ya kazi hii ni adhimu, kwani dalili hudanganya: yuko adhaniwaye kusumbuliwa na asidi kumbe kilango chake hakilegei, maradhi yaitwayo akalasia, na lau daktari wa upasuaji angalikikaza zaidi, angalimzidishia dhiki ya kumeza. Ndiyo maana madaktari makini hawashiki kisu kabla ya kuyasoma majibu hayo. Mwenyezi Mungu awajazi kheri watu hawa, ambao subira na uangalifu wao huwaepusha waja na tiba isiyowafaa.