Ziara za Mji Mkongwe: Nani Aliyejenga?

Anayetembezwa kwa miguu katika Mji Mkongwe wa Unguja huonyeshwa milango ya nakshi, kisha Beit al-Ajaib, iliyojengwa kwa amri ya Sayyid Barghash mwaka 1883, na kanisa la Mkunazini, lililosimama mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Hatuna ugomvi na vituo hivyo. Tunalolaumu ni masimulizi yanayowataja wenye majumba na kuwasahau wajenzi.

Tutazame vyumba vyenyewe. Ni virefu na vyembamba, kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio upimao upana wa chumba. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Basi kila jumba ni kazi ya mkata boriti, mchoma chokaa na mwashi. Tena kazi hiyo ina hatari zake: sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika ukarabati, watu wawili walipoteza maisha.

Kasoro ya pili ni kukomea Darajani. Ng'ambo, makazi ya watu wa kazi na ya mwimbaji Siti binti Saad, huachwa kana kwamba haina historia.

Twawasihi walimu wawavushe wanafunzi wao upande wa pili. Kijana ajuaye jina la Sultani peke yake hajaujua mji. Na aulize pia ni mikono ya nani iliyoubeba.