Bustani ya Majira ya Baridi

Wenzetu walioko Louisville, Columbus na Buffalo hutandika sebuleni mazulia ya kiwandani yenye mifereji na miti, na wapo wasomi wanaoyabeza kuwa ni mapambo ya bei nafuu. Beza hiyo imesahau historia. Tabari anasimulia kwamba Waislamu walipoiteka Madain, mji mkuu wa Wasasani, mwaka 637, walilikuta zulia la Kisra lililotiwa dhahabu na vito. Wafalme walilitandika majira ya baridi, maua ya nje yalipokwisha. Lilikatwa vipande na kugawiwa. Fungu la Ali liliuzwa kwa dirhamu 20,000, wala halikuwa bora kuliko mengine.

Zulia la Wagner, lililofumwa Uajemi karne ya 17 na ambalo sasa limo katika Mkusanyo wa Burrell huko Glasgow, lina mifereji yenye umbo la herufi H, na samaki majini. Mfumaji ameyatazama maji kutoka juu, miti akaitazama ubavuni. Wengine wataona kosa. Mimi naona hivyo ndivyo akumbukavyo mtu aliyehama: ramani ya shamba zima na gome la mwembe mmoja, vyote kwa pamoja.

Basi anayetandika bustani Buffalo mwezi wa Januari, theluji ikiziba dirisha, analirudishia zulia kazi yake ya kale. Kilichopungua ni mkono tu, maana mashine huurudia mti uleule bila kusita. (Bustani yenyewe, kumbuka, ni neno tulilopewa na Waajemi.)