Nyarusange Mbili: Uhakiki wa Hadithi Fupi za Wanafunzi Wetu

Jina la Nyarusange halipo pahali pamoja tu nchini Burundi. Ipo Nyarusange ya upande wa Gitega, na ipo nyingine ya upande wa Muyinga, kuelekea mpaka wa Tanzania. Miongoni mwa hadithi fupi zilizoandikwa na wanafunzi wetu wa somo la uandishi wa kubuni, mbili zimetoka katika sehemu hizo, na waandishi wake hawakuwa wakifahamiana kabla ya kukalia dawati moja. Katika makala haya tunakusudia kuzihakiki hadithi hizo bila kuwataja waandishi kwa majina, kwa kuwa bado ni wanafunzi na alama zao bado zinabishaniwa. Ubishi wenyewe ndio uliotufanya tushike kalamu.

Kabla ya kuendelea, ni vizuri tukumbushane kwamba Kiswahili si mgeni wa jana katika milima hii. Wajerumani walipouhamishia utawala wao Gitega mwaka 1912, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na wafanyabiashara. Baadaye kikaota mizizi Buyenzi, mjini Bujumbura, na kikaitwa lugha ya mjini, mara nyingine kwa dharau. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na katika kipindi hicho hicho Kiswahili kikaingizwa katika shule za msingi. Watoto wa mageuzi hayo ndio wanaokaa mbele yetu leo. Wengine wamekipata Kiswahili ubaoni, wengine sokoni, wengine katika kambi za wakimbizi za Kigoma. Njia hizi tatu zinasikika wazi mwanafunzi anapoanza kusimulia.

Hadithi ya Gitega, katika rasimu yake ya kwanza, ilitokea Dar es Salaam. Msichana anatoka kijijini, anapanda daladala, anafika Kariakoo, anakutana na tajiri mwenye gari jeusi, anapata mimba, anaachwa. Upatanisho wa kisarufi haukuwa na doa. Lakini Dar es Salaam hiyo haina joto: katika kurasa tisa hakuna hata mtu mmoja anayetokwa jasho! Mwandishi hajafika huko. Anaujua mji kwa filamu na nyimbo za Bongo Fleva, na katika filamu jasho hufutwa kabla ya kamera kuwashwa. Aidha, vitendo vyote vimewekwa katika wakati wa -li-: alifika, alikaa, alisema, alilia. Kila kitendo kinasimama peke yake kama katika ripoti ya polisi. Mwanafunzi huyu anaweza kueleza matumizi ya -ka- katika mtihani na kupata alama zote, ila hajawahi kukaa na kusimuliwa jambo kwa Kiswahili, kwa hiyo -ka- haimjii kalamuni.

Hata hivyo, ukurasa wa nne una aya moja tofauti kabisa. Msichana anamkumbuka bibi yake akichambua maharagwe juu ya ungo: ya manjano huku, mekundu kule, yenye madoadoa akiyatia katika kibuyu cha mbegu. Mvua inapiga bati, na bibi hasemi neno mpaka mvua iishe, kwa sababu hataki kupiga kelele ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hapo ndipo tulipoandika pembeni kwa kalamu nyekundu: hadithi yako iko hapa.

Katika rasimu ya pili ameirudisha hadithi kilimani. Bibi yule yule bado yupo, na baba mdogo anarejea kutoka kambini Tanzania kudai sehemu ya shamba. Mada hii ina uzito kwetu. Wengi waliokimbia mwaka 1972 waliporudi walikuta mashamba yao yakilimwa na wengine, na Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine iliundwa mwaka 2006 kushughulikia migogoro ya aina hiyo. Kwa mwandishi wa miaka ishirini na kitu kuigusa bila kuwagawa wahusika wake katika wema na wabaya ni ujasiri, na tunamsifu. Bibi ana haki. Baba mdogo naye ana haki. Shamba ni moja.

Tatizo lilikuwa neno moja. Wazee wanaoitwa kuamua, yaani bashingantahe, alikuwa amewaita mahakimu. Hakimu huja na faili. Mshingantahe huja na intahe, fimbo anayoigonga ardhini anapotoa neno. Hakimu akihukumu, aliyeshindwa hukata rufani na kwenda zake. Mbele ya bashingantahe kinachotafutwa ni watu wa kilima kimoja kuendelea kuteka maji kisima kimoja. Ukiweka mahakimu, mgogoro wa hadithi unakuwa wa karatasi, na bibi hana sababu ya kutetemeka.

Mwenzetu mmoja katika idara alitetea mahakimu kwa hoja kwamba bashingantahe si neno la Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Hoja hii tunaiheshimu, lakini hatuikubali. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, na ilipotoka kwa Kiswahili mwaka 1980, kwa tafsiri yake mwenyewe, mambo ya Ukerewe hayakuvuliwa nguo mlangoni. Euphrase Kezilahabi, mwana wa kisiwa hicho hicho, alianza na Rosa Mistika mwaka 1971, naye hakuzaliwa pwani. Wapemba na Waunguja nao wameingiza misemo ya kwao katika riwaya, wala hawakusubiri ruhusa ya mtu. Kama Ziwa Viktoria liliweza kuingia katika fasihi ya Kiswahili, Ruvubu utazuiwa na nani?

Lakini tusiwe wepesi wa kushangilia. Mwandishi wetu alipokubali kurudisha neno lake, alilifuatisha tanbihi. Kisha akaongeza nyingine. Rasimu ya tatu ina tanbihi kumi na moja katika kurasa kumi, na msomaji anashuka na kupanda kama anayekwenda kuchota maji. Hazihitajiki, kwa kuwa mwandishi mwenyewe amekwisha kupata njia bora zaidi pasipo kujua. Intahe inapogonga ardhi, watu wote wananyamaza isipokuwa baba mdogo, ambaye miaka ya ugenini imemsahaulisha. Anaendelea kusema, tena kwa Kiswahili cha kambini, mpaka anapogundua kwamba ni sauti yake peke yake inayosikika. Msomaji wa Mombasa asiyejua Burundi iko wapi ataelewa intahe ni nini kwa aibu ya mtu yule. Hakuna tanbihi itakayofanya kazi hiyo.

Sasa tuje Muyinga. Hadithi hii haina kilima wala bibi. Utingo wa lori amekwama Kobero, kwenye mpaka, siku tatu, akingoja karatasi za mzigo, na dereva wake ametoweka na fedha za njiani. Hayo tu. Lakini inasomeka kwa pumzi moja. Huyu amekipata Kiswahili kwa masikio, na -ka- zake zinashuka kama maji: akaamka, akajinyoosha, akahesabu matairi, akakuta bado kumi, akarudi kulala. Tulicheka darasani mahali pale, kwa sababu matairi ndiyo mali pekee aliyoachiwa kulinda, na kwa kuyahesabu tumeona njaa yake na uaminifu wake pamoja.

Hadithi hii ilipewa alama za chini kuliko rasimu ya Dar es Salaam. Sababu iliyoandikwa ni fupi: lugha si sanifu. Ni kweli kwamba wahusika wake wanasema mutu na muzigo, na kwamba r na l zinabadilishana nafasi, jambo linalofahamika kwa sisi tuliolelewa na Kirundi. Hapa inabidi mhakiki atenganishe vitu viwili. Anapokosea msimulizi, yaani anapoandika kurara akikusudia kulala, hilo ni kosa, lisahihishwe. Anaposema utingo, ni kinywa cha utingo. Kumsahihisha utingo wa Kobero ili aongee kama mtangazaji wa redio ni kumfukuza katika hadithi yake.

Kasoro halisi ya hadithi hii, kwa maoni yetu, haikuandikwa na msahihishaji yeyote. Afisa wa forodha, mtu aliyesoma, anasema sawasawa na utingo: mutu kwa mutu, muzigo kwa muzigo. Mwandishi hakuchagua, ameandika anavyosikia yeye. Laiti angempa afisa Kiswahili cha ofisini, chenye Kifaransa kidogo cha kujionyesha, tungeona ukuta kati ya watu hawa wawili kabla ya dirisha la forodha kufungwa. Alama zipungue hapo, si kwenye mutu.

Hadithi zote mbili zina ugonjwa mmoja mwishoni. Bibi anafariki na utingo anagongwa na lori, kisha inafuata aya inayoanza kwa maneno: hadithi hii inatufundisha kwamba. Tusiwalaumu. Tangu sekondari tumewauliza dhamira ni ipi, wahusika wana sifa gani, mandhari ni yapi. Mtoto aliyeulizwa hivyo miaka sita, akiambiwa aandike hadithi, huandika majibu. Mbona nyumbani hawafanyi hivyo? Kwenye visokozo vya jioni mmoja husema Sokwe, wengine huitika Niruze, na kila mtu hutafuta jibu lake. Samandari huwadanganya wakubwa na kuondoka akicheka, nasi hatujamsikia mzee akisimama baada yake kueleza dhamira.

Tunalosema kuhusu kupokezana hadithi linatokana na hayo. Wenzetu wanaoandika kwa Kifaransa walipata Tuzo ya Michel Kayoya ya hadithi fupi, iliyoanza mwaka 2009 na kupewa jina la padri mwandishi aliyeuawa Gitega mwaka 1972, na walipata pia kikundi cha Samandari cha Bujumbura, kilichoanza mwaka 2010, ambako watu walikutana kusomeana maandishi yao. Kwa Kiswahili ipo tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na baadaye ikaitwa Safal-Cornell, lakini hiyo hutaka mswada wa kitabu. Mwenye kurasa kumi aende wapi? Aje kwanza darasani, kwa wenzake. Utaratibu tunaoufuata ni kwamba mwandishi hasomi hadithi yake mwenyewe. Anasoma mwingine kwa sauti, naye mwandishi anakaa nyuma na kalamu, akiandika kila mahali msomaji anapojikwaa.

Ni utaratibu huo uliomaliza ubishi wa mahakimu, kuliko hoja zetu za Ukerewe. Rasimu ya pili ya Gitega ilisomwa na yule kijana wa Muyinga. Alipofika kwenye mkutano wa wazee, karatasi ilisema mahakimu, kinywa chake kikasema bashingantahe, akaendelea kusoma wala hakujua amebadilisha kitu. Mwandishi akainua kichwa, akakata neno lake.

Hadithi zote mbili tumependekeza zisahihishwe upya na wasahihishaji wengine wawili, na waandishi tumewaomba waondoe ukurasa wa mwisho. Wa Muyinga ameuondoa wote. Utingo wake sasa bado yuko Kobero, anahesabu matairi. Wa Gitega ameondoa somo, ila kifo cha bibi amekataa kukigusa, na sababu aliyotupa ni kwamba bibi huyo alikufa kweli.