Wasomaji wa Gazeti la Sani

Sani, gazeti la hadithi za picha lililopata jina lake katika majina ya waasisi wake, Said Bawji na Nico ye Mbajo, lilisomwa sana Muheza katika miaka ya 1980, na likapata sifa na lawama. Vijana waliliazimana kwenye kituo cha mabasi, kati ya matenga ya machungwa, hata kurasa zikafumuka. Wazee, na hasa walimu, walinung'unika kuwa linaharibu lugha.

Lawama hiyo haikukosa sababu, lakini ilisoma maneno bila ya kutazama picha. Lodi Lofa ni bwana mkubwa kwa jina na hohehahe kwa hali. Ndumilakuwili amebeba jina la nyoka asemwaye kuwa ana vinywa viwili. Maneno ya mitaani hutoka vinywani mwa watu hawa, na msomaji huona ni watu gani. Mwandishi wa riwaya angehitaji ukurasa mzima kueleza hayo. Mchoraji hodari, naye Philip Ndunguru alikuwa mmoja wao, huyaeleza kwa mstari wa kalamu. Kijana aliyecheka pale kituoni alimtambua lofa, wala hakutamani kusema kama yeye.

Nung'uniko langu ni jingine: nakala nyingi zilifungiwa karanga, na mwanafunzi atakaye kuzihakiki leo hana budi kubisha hodi majumbani mwa watu.