Kikaguzi Kimepitisha, Mtumiaji Amekwama

Chukua maandishi yenye rangi ya kijivu #777777, yaweke juu ya ukurasa mweupe, kisha endesha kikaguzi cha ufikivu kiitwacho axe-core. Yatakataliwa. Uwiano wake wa utofautishaji ni 4.48 kwa 1, wakati mwongozo wa ufikivu wa wavuti, WCAG, unadai 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya ukubwa wa kawaida. Yatie giza kidogo tu, yawe #767676, uwiano unapanda hadi 4.54 nayo yanapita. Ukiziweka rangi hizo mbili kando kwa kando, ni vigumu sana kuzitenganisha kwa macho. Kazi ya namna hii ni ya mashine kabisa: inapima mwangaza wa rangi zote mbili, kijani kikipewa uzito zaidi kuliko nyekundu na bluu, inagawanya, inatoa jibu, na haichoki hata ikifika ukurasa wa mia tano.

axe-core ni programu huria ya kampuni ya Deque ya Marekani, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2015. Lighthouse, iliyomo ndani ya Chrome, huitegemea kupima ufikivu. axe-core huingizwa ndani ya ukurasa ukiwa umefunguka kwenye kivinjari, ikapitia kijenzi kimoja baada ya kingine ikiuliza maswali mafupi. Kitufe hiki kina jina? Picha hii ina maandishi mbadala? Kisanduku hiki cha kuandikia kina lebo? Majibu hugawanywa katika mafungu manne: yaliyopita, yaliyokiuka, yasiyohusika na yasiyokamilika. Fungu hilo la mwisho ndilo timu nyingi huliacha. Maandishi yakikaa juu ya picha, kikaguzi hakiwezi kujua rangi iliyo nyuma ya kila herufi, kwa hiyo hakibahatishi. Kinaomba mtu aje aangalie. Jaribio la kawaida husoma fungu la ukiukaji peke yake, hivyo ombi hilo halimfikii yeyote.

Sasa, ukaguzi huu unaingiaje katika kazi ya kila siku? Hatua ya kwanza ni kwenye kihariri. Wanaotumia React wana eslint-plugin-jsx-a11y, inayosoma msimbo bila kuuendesha na kupiga mstari chini ya picha isiyo na maandishi mbadala kabla hata faili haijahifadhiwa. Ni rahisi na inafaa, lakini haijui ukurasa utatokeaje mwishoni. Ya pili ni majaribio ya vijenzi kwa jest-axe, na hapa pana mtego unaostahili kujulikana: majaribio hayo kwa kawaida huendeshwa ndani ya jsdom, ambayo ni kivinjari cha kuigiza kisichochora chochote. Pasipo mchoro hakuna rangi ya kupima. Timu inaweza kuona majaribio yote yana alama ya kijani ikadhani utofautishaji umekaguliwa, kumbe haukuguswa.

Hatua ya tatu ndiyo yenye thamani zaidi, nayo ni kuendesha axe ndani ya kivinjari halisi kwa kutumia zana ya majaribio kama Playwright au Cypress. Kikaguzi huona kile tu kilichopo kwenye ukurasa wakati kinapoitwa. Chukua fomu ya malipo. Ukurasa ukifunguka, kuna kiasi, namba ya simu na kitufe cha kulipa. Axe inapita, hakuna kosa. Lakini dirisha la kuthibitisha malipo bado halijazaliwa, na ujumbe mwekundu wa "namba si sahihi" haujatokea. Makosa mazito hukaa huko. Kwa hiyo jaribio linalofaa huandika namba mbovu, hubonyeza kitufe, husubiri ujumbe utokee, ndipo huiita axe. Kisha husahihisha namba, hufungua dirisha la uthibitisho, na kuiita tena.

Neno "husubiri" nimeliandika kwa makusudi. Madirisha mengi hujitokeza taratibu, yakianza na ukungu hadi yakolee. Axe ikiitwa katikati ya safari hiyo, maandishi bado yamefifia na kikaguzi kitaripoti kosa la utofautishaji ambalo sekunde moja baadaye halipo. Jaribio linafeli leo, kesho linapita, keshokutwa linafeli tena. Wasanidi hulichoka na kulizima. Dawa ni kuzima mijongeo wakati wa majaribio, au kusubiri imalizike.

Hatua ya mwisho ni lango: msimbo wenye ukiukaji mpya usiunganishwe na msimbo mkuu. Nasisitiza neno mpya. Mfumo wa miaka sita ukiuwekea lango linalodai usafi kamili tangu siku ya kwanza, kazi zote zitasimama na lango litaondolewa kabla ya wiki kwisha. Rekodi makosa yaliyopo, kataa yanayoongezeka, na punguza deni kidogo kidogo.

Baada ya yote hayo, alama ya kijani ina uzito gani? Mwaka 2017 kitengo cha huduma za kidijitali cha serikali ya Uingereza kilitengeneza ukurasa wenye vizuizi 142 vilivyowekwa makusudi, kikazipima zana 13. Hakuna zana iliyovuka nusu, na asilimia 29 ya vizuizi havikuonwa na zana yoyote. Deque, kwa upande wao, wanasema axe-core huona kwa wastani asilimia 57 ya makosa. Takwimu hizo zinaweza kusimama pamoja kwa sababu hazihesabu kitu kimoja: Deque walihesabu kila kosa kila lilipojitokeza, Waingereza walihesabu vizuizi vya aina mbalimbali. Utofautishaji hafifu hujirudia mara nyingi kwenye ukurasa mmoja, na ndio unaoonekana kirahisi, kwa hiyo hesabu ya kwanza lazima ipande. Mwaka 2019 msanidi Manuel Matuzović alikwenda mbali zaidi. Alijenga ukurasa usiotumika kwa kibodi, usioonekana kwa macho wala kusikika kwenye kisoma skrini, na Lighthouse ikaupa 100 kwa 100.

Sababu ni kwamba kikaguzi huuliza kama kitu kipo. Hakiulizi kama ni kweli. Picha ya risiti yenye maandishi mbadala "picha1" inapita. Na kwetu tunaoandika mifumo ya Kiswahili kuna mfano mzito kuliko huo. Axe ina kanuni inayotaka kila ukurasa utaje lugha yake, na nyingine inayotaka jina la lugha liwe halali. Ukianzisha mradi kwa Vite, faili ya index.html inakuja tayari na lang="en". Unaandika mfumo mzima kwa Kiswahili, hukumbuki kugusa mstari huo, na kikaguzi kinapita bila neno, maana "en" ni halali. Upande wa pili yupo mtu asiyeona anayetumia NVDA, kisoma skrini cha bure. NVDA huja na sauti za eSpeak NG, ambazo zinajua Kiswahili, na hubadilisha lugha kulingana na ukurasa unavyojitambulisha. Ukurasa umejitambulisha kama Kiingereza, kwa hiyo "Thibitisha malipo yako" inatamkwa kwa kanuni za Kiingereza. Mtu huyo anatakiwa kuamua kuhusu fedha zake kwa kusikiliza sauti inayovunjavunja lugha yake mwenyewe, wakati kifaa chake kina uwezo wa kumsomea sawasawa. Hili linaniuma, kwa sababu marekebisho yake ni herufi mbili.

Linaweza pia kulindwa na mashine, mradi tuiambie tunachojua sisi. Axe haiwezi kujua kwamba ukurasa huu ni wa Kiswahili, timu inajua. Jaribio la mstari mmoja kwenye Playwright, linalodai lang iwe sw, linatosha kuzuia kosa lisirudi. Vivyo hivyo kwa kibodi: jaribio linaweza kubonyeza Tab hadi kwenye kitufe cha kulipa, kufungua dirisha, kubonyeza Escape, na kuhakikisha kiashiria cha kibodi kimerudi pale pale kilipotoka. Majaribio ya aina hii huandikwa na timu yenyewe, na mimi nayathamini kuliko alama yoyote ya Lighthouse.

Kama una mfumo wa Kiswahili ulio kazini, fungua index.html leo usome mstari wa pili. Ukishaurekebisha, mwombe mtu anayetumia kisoma skrini kila siku afanye muamala mmoja mzima mbele yako, unyamaze umsikilize, na umlipe kwa muda wake.